Jirani yangu Mkristo ameniomba msahafu wa marehemu baba

SWALI

Mshauri, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaloleni hapa Kisumu na hushona nguo nyumbani. Jirani yangu ni Mkristo wa kanisa la Anglikana, na tumeishi vizuri miaka tisa. Ndiye aliyenipeleka hospitali usiku niliposhikwa na uchungu wa kitinda mimba wangu. Ramadhani iliyopita alikuja kufuturu nasi, akamsikia binti yangu akisoma Surat Maryam, akauliza kama Maryam huyo ndiye Maria wao. Nilipomwambia ndiye, aliniomba nimwazime kitabu akasome mwenyewe. Msahafu nilio nao ni wa marehemu baba. Umefungwa kwa kitambaa cha kijani, na pembeni mwa kurasa zake baba alitia alama ya penseli kila alipomaliza juzuu. Nilimjibu "ngoja kwanza", na tangu siku hiyo hajauliza tena, ila salamu zetu zimepoa. Kaka yangu anasema asiye Mwislamu haruhusiwi kuugusa, na mimi naogopa watu wa kanisa lake wasije wakadhani nataka kumsilimisha. Nifanye nini?

Mama wa Kaloleni, Kisumu

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Umeyashika mambo mawili kwa mkono mmoja, nami ningependa uyatenganishe kabla hatujafika mbali. Msahafu wa baba ni amana na ni kumbukumbu. Alama zile za penseli hazipatikani dukani, na hata ndugu yako wa damu angeuomba usingekosea kumnyima. Lakini jirani yako hakuomba kumbukumbu ya baba yako. Aliomba habari za Maryam, na hizo unaweza kumpa bila kukifungua kitambaa cha kijani.

Kaka yako naye hasemi maneno ya hewani. Wanazuoni wengi, wakitegemea pamoja na dalili nyingine aya ya 79 ya Suratul Waqi'a, wanasema msahafu hauguswi ila na aliye na tohara, yaani usafi wa ibada, na sharti hilo linamhusu Mwislamu asiye na udhu kabla hata ya kumfikia jirani. Ipo pia hadithi inayokataza kusafiri na Qurani kwenda nchi ya adui, na sababu inayotajwa ni hofu ya kitabu kuangukia mikononi mwa watakaokivunjia heshima. Hata hivyo, Mtume mwenyewe alimwandikia barua Heraclius, mfalme wa Warumi aliyekuwa Mkristo, na ndani yake aliweka aya ya 64 ya Aali Imran. Ndiyo maana wengi wameutofautisha msahafu wa Kiarabu na tafsiri, wakaona tafsiri inaweza kupewa mtu anayetaka kujua. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilichapishwa kamili mwaka 1969 na Kiswahili chake jirani yako atakielewa. Kwa kuwa Kiarabu kimo ndani yake, muulize imamu wa msikiti wenu kuhusu nakala utakayoichagua, na uende na kaka yako ili naye asikie kwa masikio yake.

Ila mimi, kabla ya kumpa kitabu chochote, ningemwita tukae naye. Wasimulizi wa sira, yaani maisha ya Mtume, wanaeleza kwamba Waislamu wa kwanza walipokimbilia Habasha (Uhabeshi), Mfalme Najashi, ambaye alikuwa Mkristo, alitaka kusikia kitu katika yale waliyoteremshiwa, na Ja'far bin Abu Talib akamsomea mwanzo wa Surat Maryam. Najashi alilia mpaka ndevu zake zikalowa. Sura hiyo ndiyo aliyokuwa akiisoma binti yako sebuleni kwenu, na masikio yaliyoipokea yalikuwa ya Mkristo vilevile. Mwombe binti aisome tena taratibu, wewe usome tafsiri, na umwambie jirani aje na Biblia yake aifungue Injili ya Luka, mlango wa kwanza. Mtashangaa wote wawili, kwa sababu vitabu vyote viwili havianzii kwa Maryam. Vinaanza kwa mzee Zakaria anayepewa habari za mtoto uzeeni, kisha akafungwa ulimi. Hapo mtakuwa na mengi ya kuulizana. Mkifika penye tofauti msiziruke: kwenu Maryam anashikwa na uchungu kwenye shina la mtende, kwao mtoto analazwa katika hori la ng'ombe, na juu ya nani hasa ni huyo mtoto hamtakubaliana. Msomeane ilivyoandikwa, na kila mmoja aseme anachokiamini bila kukipunguza ili kumfurahisha mwenzake. Nililelewa Mumias, katika ukoo wenye Waislamu na Wakatoliki, na ninayoyajua ya imani ya shangazi zangu niliyapata kwa kuwasikia wakisoma.

Kuhusu watu wa kanisa lake, mwambie nia yako kwa kinywa chako mapema: kwamba unampa kwa kuwa aliomba, na kwamba hutamfuata kumuuliza amefikia wapi. Halafu uishike ahadi hiyo hata kama kitabu kitakaa kwake mwaka mzima. Lugha yetu imeyazoea haya tangu zamani. Mmisionari Mjerumani Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi.

Na tafsiri utakayompa, mweleze inavyotunzwa. Mwambie mahali pake ni juu, si sakafuni wala chini ya mto wa kulalia, na kwamba sisi hatuishiki kwa mikono michafu wala hatuweki kitu juu yake. Usione haya kuyasema. Hawezi kuheshimu jambo ambalo hakuelezwa, na ukinyamaza utakuwa ukichungulia dirisha lake kila siku kuona kitabu kimewekwa wapi.

Linalonihuzunisha katika barua yako ni hilo la salamu kupoa. Yule aliyekupeleka hospitali usiku aliomba kitu kutoka moyoni, akaambiwa angoje, na hajaambiwa anangoja nini. Pengine anadhani alivuka mpaka, na anaona haya kukutazama. Usisubiri jibu la imamu wala Ramadhani nyingine. Nenda kwake jioni hii ukamweleze habari za baba, mwonyeshe hata msahafu wenyewe ukiwa mikononi mwako, na alama zile za penseli, ili ajue ulikuwa ukilinda nini ulipomwambia angoje. Kisha mwulize ni siku gani atakuwa na nafasi ya kuja kumsikiliza binti.