Bibi ninayemtunza ananiita «simpatica»

Mdogo wangu, umeniuliza kama Waitaliano wanatupenda, maana kwenye simu ulimsikia bibi ninayemtunza hapa Bologna akiniita simpatica. Nitakujibu bila kukuficha.

Simpatico huambiwa mwanamume, simpatica mwanamke. Kamusi itakupa «mcheshi» au «mchangamfu», lakini hiyo ni nusu tu, kwani hata mtu mkimya anaweza kuwa simpatico. Bibi akiniambia «mi sei simpatica», maana yake damu zetu zimepatana, basi, sababu usimuulize. Kinyume chake ni antipatico, yule ambaye kwetu tungesema ana damu ya kunguni. Bibi anaye daktari mmoja wa namna hiyo. Kila tukitoka kwake ananinong'oneza kwenye lifti, «mi sta antipatico», na maskini daktari wa watu hajamkosea kitu.

Mwaka wa kwanza neno hili liliniponza. Mwenzangu kazini alifiwa na mama yake. Mimi nikakumbuka Kiingereza cha shule, neno linalofanana na hilo, «sympathy», huandikwa kwenye kadi za rambirambi, nikamshika mkono nikamwambia nampa simpatia yangu yote. Akanitazama tu. Kumbe msibani husemwa condoglianze. Nilimwomba radhi baadaye, lakini yale macho yake sijayasahau.

Sasa swali lako. Kwenye baa ya hapa chini, kahawa yangu inawekwa kaunta kabla sijaagiza, na wananichangamkia kwelikweli. Lakini nilipotafuta chumba, mwenye nyumba mmoja aliniambia kwenye simu jinsi nilivyo simpatica, tukacheka. Kesho yake aliponiona mlangoni, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Nililia njia nzima. Siamini kwamba alinidanganya kwenye simu. Sauti ilimpendeza kweli, ila kupendezwa na mtu hakukumzuia kumfungia mlango.

Kwa hiyo usije huku ukalihesabu neno hilo kama urafiki. Miaka sita nimekuwa hapa, na nyumba zilizonialika chakula cha Jumapili ni mbili. Wenyeji wa nyumba hizo sikumbuki kama wamewahi kuniita simpatica. Ndio walioamka alfajiri ya baridi wakaja kusimama nami foleni ya kibali cha ukaazi, mmoja kanishikia bahasha ya karatasi zangu ndani ya koti lake zisilowe.