Ekari 3 Gede: mashine ya kukata nyasi ya kukalia au ya begani?
Ndugu yangu, umeuliza kama shamba lako la ekari 3 pale Gede, lenye minazi na miembe, linafaa mashine ya kukata nyasi ya kukalia, ile unayoipanda na kuiendesha. Mimi nasema bado. Ukubwa unatosha, lakini tazama chini kwanza: sehemu nyingi za huko zina mawe ya matumbawe yaliyojificha majanini, na kisu kikigonga jiwe hupinda, pengine na ekseli yake nayo. Weka na nazi zilizoanguka, makuti, visiki. Utaokota mpaka uchoke kabla hujawasha.

Halafu mashine hiyo ya kukalia imetengenezwa kukata nyasi fupi za bustani. Majani ya baada ya masika, yale ya magotini, yataikaba. Penye mteremko mkali usithubutu, inapinduka.

Chukua ya begani ya petroli, yenye kisu cha chuma, uvae miwani na buti. Kuzunguka minazi inapita vizuri. Ukishang'oa visiki na kusawazisha uwanja, hapo ya kukalia ni sawa, ila uliza kwanza kama vipuri vipo Malindi au ni vya kuagiza Mombasa. Na hewa ya chumvi, usiilaze nje!