Kwa nini F2 huwa nzito zaidi majira ya baridi

Ndugu, umeuliza kwa nini tabaka la F2, sehemu ya ionosfia (hewa ya juu yenye chembe za chaji) iliyo na elektroni nyingi zaidi, katika latitudo za kati, huwa na elektroni nyingi zaidi adhuhuri ya majira ya baridi kuliko ya kiangazi, na modeli hulishughulikiaje jambo hilo. Chanzo kimo katika hewa yenyewe. Elektroni huzalishwa hasa pale miale mikali ya urujuanimno inapopiga atomu za oksijeni, na hupotea upesi zaidi molekuli za naitrojeni zikizidi. Mzunguko wa hewa ya juu kutoka kizio chenye kiangazi hupandisha uwiano wa oksijeni kwenye kizio chenye baridi na kuushusha kule ulikotoka. Wapo wanaotaja Dunia kulikaribia Jua mwezi Januari, lakini tofauti hiyo ya mwanga ni takriban asilimia 7 tu na haitoshi. Usiku, kwa kawaida, kiangazi ndicho huongoza.

Modeli ya IRI (International Reference Ionosphere), iliyojengwa juu ya vipimo vilivyokusanywa, haikokotoi kemia hiyo. Kwa foF2, yaani masafa ya juu kabisa ya redio ambayo F2 huyarudisha yakirushwa wima, ramani zake za CCIR (kamati ya kimataifa ya ushauri wa redio) zina vigawo 988, namba za kukokotolea, kwa kila mwezi, seti moja kwa wastani wa madoa ya Jua 0 na nyingine kwa 100, na thamani za katikati hukadiriwa kati ya hizo mbili. Hivyo utakachopata ni hali ya kawaida ya mwezi, ambayo kwa kupanga mawasiliano ya redio naiona inatosha. Ukitaka kuchunguza sababu, tumia modeli ya kifizikia kama TIE-GCM, inayokokotoa upepo, joto na kemia kwa pamoja.