Mkuu, usichukue moto (umeme) kwenye waya wa kifungio cha mkanda wa kiti cha gari!

Weka koleo chini kwanza, tuongee.

Umesema unataka kuweka taa kwenye vifungio vya mikanda ili abiria wasipapase gizani. Ukauliza rangi ipi inafaa. Halafu mwishoni, kama mtu anayejisemea, ukaandika: "moto nitauchukua kwenye waya wa kifungio chenyewe maana uko hapo hapo." Mkuu, hapo hapo ndipo nilipoungulia mimi.

Wazo lenyewe silipingi. Anayebeba watu usiku anaijua ile shughuli: mtu ameshika ulimi wa mkanda, anauchomeka pembeni ya kiti, anauchomeka kwenye kifungio cha jirani, mwisho anaukalia na kusema "twende tu". Hata Mercedes waliliona hilo. Gari lao la S-Class la 2013 liliweza kuwekewa vifungio vya nyuma vyenye taa, tena ukifungua mlango vinajiinua vyenyewe kutoka kwenye kiti. Lakini wale walianza na mchoro wa waya. Mimi nilianza na video.

Jamaa wa kwenye video alikuwa na glovu safi na muziki wa kuchangamsha. Akainua kiti, akachuna waya mmoja, akaunga taa ya LED, ikawaka, akanyanyua dole gumba. Dakika nne. Hakuwasha injini hata mara moja, jambo ambalo nililigundua nilipoirudia kuitazama baadaye, nikiwa na hasira na mfuko mtupu. Nikamuuliza na fundi wangu wa siku zote, kwa sababu mimi si mtu wa kukurupuka (cheka tu). Akasema, "Waya ni waya, bosi."

Nikaanza na kiti cha abiria wa mbele. Chini yake kuna plagi ya njano. Kwenye magari mengi rangi hiyo ndiyo alama ya mfumo wa mifuko ya hewa (airbag), yaani gari lilikuwa linanipigia kelele kwa rangi, na mimi nikaona ni pambo. Nikachuna, nikaunga, nikazungushia tepu. Taa ikawaka, hafifu kidogo lakini ikawaka. Nikampigia simu mke wangu aje aone.

Nilipowasha gari, kale kapicha ka mtu mwenye puto kifuani (taa ya onyo ya mifuko ya hewa) kakawaka kwenye dashibodi, na hakakuzima. Fundi akasema, "Imeshtuka tu, itajizima." Siku ya tatu akaifuta kwa mashine, ikarudi kabla sijatoka getini. Ushauri wake wa mwisho ulikuwa tuizibe kwa tepu nyeusi isinisumbue macho. Ningekuwa na akili ningeondoka pale pale. Badala yake niliendesha siku 19 nikiwa nimebeba familia nzima.

Aliyenifumbua macho ni fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi. Alinieleza hivi. Kifungio kwenye gari kama langu hakina swichi ya kuwasha na kuzima tu, kina kihisi kinachoongea na kompyuta ya mifuko ya hewa kwa kiasi cha mkondo wa umeme. Mkanda ukiwa haujafungwa kinavuta kama miliampea 5 hadi 7, ukifungwa kinavuta kama 12 hadi 17. Kompyuta inasoma tofauti hiyo ndogo na kuamua kama abiria amefunga au la. Sasa taa yangu moja ya LED peke yake inaweza kunywa miliampea 20. Ni kama watu wawili wananong'onezana, halafu mimi nikaja katikati na tarumbeta. Kompyuta ikaona namba isiyo na maana, ikaandika kosa, na kwenye gari langu kosa la aina hiyo linazima mfumo mzima. Kwa siku 19 mifuko ya hewa ilikuwa mapambo, eti kwa sababu nilitaka watu wafunge mkanda vizuri.

Na bado sijakwambia la kunitoa jasho. Siku ile ya kuunga, kabla sijachuna waya wowote, nilikuwa natafuta waya wa hasi kwa balbu ya taa ya breki, ile ya wati 21, niliyoiunga waya mbili. Upande mmoja nimeubana kwenye chanya ya betri, mwingine nimeushika mkononi nagusagusa. Kwenye gari langu, kwenye mguu wa kifungio kuna kivuta mkanda cha baruti, kile kinachokaza mkanda ghafla gari likigonga. Kinalipuka kwa mkondo wa kama ampea 1.2 tu, ukipita kwa milisekunde mbili. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inapitisha ampea 1.75. Uso wangu ulikuwa sentimita chache kutoka pale. Ulipobaki waya mmoja tu ambao sijaugusa, mtoto aliniita nimfungulie geti. Nilirudi nikiwa mvivu, nikaamua kuchuna tu wowote. Uvivu umeniokoa, na nauheshimu tangu siku hiyo.

Matengenezo? Yule mzee alikataa kuunga waya niliokata. Alisema waya wa mfumo huo hauungwi kwa tepu na matumaini. Tukabadilisha kifungio kizima na waya zake za chini ya kiti. Kabla hajagusa kitu alichomoa waya wa betri, akakaa pembeni akatazama saa, kwa sababu kompyuta ile inahifadhi umeme wa akiba hata betri ikitolewa. Mimi nilikuwa nimekata waya funguo ikiwa imewashwa. Yule wa glovu safi hakulitaja hilo. Video bado ipo, na watu wanamshukuru kwenye maoni.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaiandika kila mjadala wa namna hii utakapoibuka: mkanda hauombwi umeme. Moto uchukue kwenye taa ya dari, kwa fyuzi yake yenyewe, waya upite chini ya zulia mbali na kila kitu cha njano. Faida yake, ukifungua mlango taa za vifungio zinawaka pamoja na ya dari, na ndio wakati mtu anapozihitaji.

Rangi: usiweke nyekundu. Kanuni ya 16 ya Umoja wa Mataifa, ile ya mikanda ya magari, inataka kitufe cha kufungulia kiwe chekundu na sehemu nyingine ya kifungio isiwe na rangi hiyo. Taa nyekundu inaruhusiwa tu kiti kikiwa na mtu, na lazima izime akishafunga. Ya rangi nyingine inaweza kubaki inawaka, mradi isiharibu wekundu wa kitufe. Mimi niliweka kijani, na kitufe kikaonekana cheusi kabisa usiku. Mama mkwe alikitafuta hadi akaomba tochi. Sasa nina nyeupe hafifu, inamulika mdomo wa tundu tu.

Inua kiti, piga picha ya plagi iliyo chini, uiweke hapa kabla hujashika waya wowote. Na ile video uliyoiangalia, nitumie. Nataka kujua kama ni yule yule wa glovu.