Zimamoto ilitokaje mikononi mwa madiwani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Mabatini, Mwanza. Nyumba ya jirani ilipoungua, gari la zimamoto liliishia barabarani, chini ya mlima. Tulipomfuata diwani alisema zimamoto si ya halmashauri. Wazee nao wanasema zamani ilikuwa ya mji. Tumbane nani?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Kuhusu gari, diwani wenu amesema kweli. Kuhusu mlima, msimwachie.

Wazee wanakumbuka sawasawa. Zimamoto ilikuwa ya mji, na madiwani waliweza kumhoji mkuu wa kikosi kwa nini gari limelala. Kamba hiyo ya uwajibikaji ilikatika mara ya kwanza mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa na huduma za miji kuhamia kwa watendaji wa mikoa na wilaya. Miji ilidhoofika, hadi kipindupindu kikaingia. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, kisha zikapata sheria yao ya mamlaka za miji, Sheria Na. 8 ya 1982.

Mkato wa pili ndio uliodumu. Sheria Na. 14 ya 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kamanda wa mkoa anawajibika kwa Kamishna Jenerali, na fedha zake zinapitishwa bungeni. Kwa mafunzo na nidhamu naunga mkono. Lakini tulipoteza jicho la karibu: diwani anayelala Igogo, hapohapo Mwanza, hujua pampu imekufa kabla ya mtu yeyote wa wizarani.

Sasa mlima. Mwaka huohuo wa 2007, Sheria ya Mipango Miji iliacha upangaji wa mji kwa halmashauri, na kibali cha ujenzi kinatoka hukohuko. Njia ikizibwa kati ya mawe, moto umeshashinda. Kila mita 10 za kupanda hula karibu baa 1 (kipimo cha msukumo) ya shinikizo la maji. Nyumba ikiwa mita 40 juu ya gari, baa 4 zimekwenda kabla maji hayajatoka. Mpira wa milimita 70 wenye urefu wa mita 20 ukijaa hubeba kilo 77 za maji. Hauburutwi juu ya majabali. Askari hupanda nao mtupu begani, wakiunga kipande kwa kipande, ndipo pampu ifunguliwe. Wanahitaji upenyo wa watu wawili kupishana. Ukuta wa choo cha mtu ukiuziba, hata gari jipya halitawasaidia.

Basi gari na askari mwulizeni kamanda wa mkoa, na mbunge wenu ayafikishe bungeni. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Upenyo ni wa diwani. Upimeni kwa futi kamba kutoka barabarani hadi nyumba ya juu kabisa, andikeni kila palipozibwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, na muhtasari huo uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako yeye ndiye mwenyekiti.