Kumpeleka mama kwenye kituo cha Wapueblo, Albuquerque, Marekani

Dada, umeuliza kama mama atokaye Tanga na wanao wataruhusiwa kurekodi ngoma pale Indian Pueblo Cultural Center. Usitoe simu kabla ya kuuliza. Kituo ni mali ya jamii 19 za Wapueblo, wenyeji wa asili wa jimbo la New Mexico; wenyewe ndio wenye kauli, na kwao ngoma nyingi ni ibada. Mkialikwa sikukuu kijijini kwao, simu ziacheni garini kabisa.

Nendeni wikendi, ndiyo siku za ngoma uani. Anzeni na makumbusho. Bila historia ile watoto wataona manyoya na njuga tu.

Dukani, mama atapenda vyungu. Mwambie apitishe kidole ndani: cha mkono hakilingani sawasawa, na chini mara nyingi kuna jina la mfinyanzi na kijiji chake, kwa mfano Acoma. Bei ni kubwa, lakini ni halali yao. Barabarani jihadharini na bandia, ingawa sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuziuza kama kazi za wenyeji wa asili.

Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya bahari. Kama mama ana presha au moyo, aonane na daktari wake kabla ya safari.