Mwanangu atapelekwa vitani?

SWALI: Mwanangu ana miaka 19, yuko Texas kwa grini kadi. Kaletewa barua ajiandikishe Selective Service. Usingizi sipati. Ndiyo jeshi hilo? – Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, hilo ni daftari la majina ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini dharura ikitokea. Marekani haijamchukua mtu jeshini kwa lazima tangu 1973. Lakini ajiandikishe wiki hii hii, tafadhali. Sheria inamhusu kila mwanamume mkazi wa kudumu (mwenye grini kadi) wa miaka 18 hadi 25. Akitimiza 26 hawampokei tena, na hapo ombi lake la uraia linaweza kukwama. Inaniuma kijana kukosa uraia kwa fomu ya dakika chache. Uthibitisho autunze. Akihama nyumba, awaarifu ndani ya siku 10.